Sumu ya chakula

Sumu ya chakula ni jina la jumla la maradhi yanayompata mtu baada ya kula chakula au kunywa kinywaji chenye vijidudu, sumu iliyotengenezwa na vijidudu, au kemikali yenye madhara. Dalili zake za kawaida ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota na kuhara. Pengine huambatana na homa. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe katika siku moja hadi tatu. Hata hivyo mgonjwa anaweza kufa kama maji na chumvi anazopoteza hazirudishwi mwilini kwa wakati.

Kadiri ya makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yaliyotolewa mwaka 2015, kila mwaka watu milioni 600 hivi, yaani karibu mmoja kati ya 10 duniani, huugua kwa sababu ya chakula, na watu 420,000 hufa. Kati ya wanaokufa, 125,000 ni watoto wenye umri chini ya miaka 5. Bara la Afrika ndilo linaloathirika zaidi kulingana na idadi ya watu wake.

## Jina

Neno "sumu" katika jina hili lina maana pana. Katika lugha ya kila siku, kusema kwamba watu "wamekula sumu" huleta picha ya mtu aliyeitia kwa makusudi. Ndiyo maana wageni wengi wanapougua baada ya harusi au matanga, lawama huweza kumwangukia mpishi, jirani au mtu mwenye ugomvi na wenye shughuli. Kwa kweli matukio mengi ya namna hiyo husababishwa na vijidudu vya kawaida vilivyopata muda na joto la kutosha kuzaliana katika chakula.

Si kila anayehara amekula chakula kibaya. Virusi vinavyoshambulia tumbo huweza pia kuambukizwa kwa kugusana, kwa vyombo au kwa mikono. Kuhara kunaweza vilevile kutokana na dawa fulani, mwili kutovumilia maziwa, au ugonjwa mwingine kama vile malaria kwa watoto.

## Namna chakula kinavyodhuru

Chakula humdhuru mlaji kwa njia kuu tatu.

Maambukizi. Vijidudu vilivyo hai humezwa pamoja na chakula, kisha huzaliana utumboni. Hapa wamo bakteria kama Salmonella, Campylobacter, Shigella na Vibrio cholerae (anayeleta kipindupindu), virusi kama norovirusi na rotavirusi, na vimelea kama amiba na Giardia. Kwa kuwa vinahitaji muda wa kuzaliana, dalili huanza baada ya saa nyingi au siku kadhaa.

Sumu iliyokwisha kutengenezwa. Bakteria huzaliana ndani ya chakula kabla hakijaliwa na kuacha sumu humo. Mlaji huugua kwa sumu hiyo hata kama bakteria wenyewe wamekwisha kufa. Dalili huanza mapema, mara nyingi kabla ya saa 6 kupita, na kutapika huzidi kuhara.

Sumu isiyotokana na bakteria. Baadhi ya vyakula vina sumu ya asili, kama mihogo michungu, au huipata kwa njia nyingine, kama mahindi yaliyoota ukungu. Pia dawa za kuua wadudu zinaweza kuingia katika chakula kwa kuhifadhiwa pamoja nacho au kwa kutumia tena makopo na chupa zake.

Bakteria wengi huzaliana vizuri katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi. Katika hali inayowafaa, baadhi yao hujigawa kila baada ya dakika 20. Kwa mwendo huo bakteria mmoja huweza kuwa zaidi ya milioni 2 katika muda wa saa 7, yaani usiku mmoja tu. Chakula chenye idadi hiyo kinaweza kuwa na harufu, rangi na ladha ya kawaida kabisa, kwa sababu vijidudu vinavyooza chakula kwa kawaida si vile vinavyoleta maradhi. Kwa hiyo kunusa au kuonja hakutoshi kujua kama chakula ni salama.

## Kiporo na chakula cha shughuli

Wengi huamini kwamba kiporo kikichemshwa vizuri asubuhi huwa salama. Imani hiyo ni kweli kwa sehemu tu.

Bakteria Bacillus cereus huishi udongoni na hupatikana katika mchele na nafaka nyingine. Wali unapopikwa, bakteria hai hufa, lakini mbegu zake ngumu, zinazoitwa spora, hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa ndani ya sufuria mpaka asubuhi, spora huamka, bakteria huzaliana na kutengeneza sumu inayoleta kutapika. Sumu hiyo haiharibiki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Kupasha moto huua bakteria, lakini sumu waliyoiacha hubaki.

Sumu ya Staphylococcus aureus nayo hustahimili moto. Bakteria huyo huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya, na huwa mwingi kwenye majipu na vidonda vyenye usaha. Huingia katika chakula kwa mikono ya mpishi, hasa katika vyakula vinavyoshikwa baada ya kuiva, kama nyama iliyochambuliwa, saladi ya mayai na vitafunio vyenye krimu.

Katika harusi, misiba, shule za bweni na magereza hatari nyingine hutokana na ukubwa wa sufuria. Mchuzi wa nyama, maharage au pilau ya watu mia ikiachwa katika sufuria yake hupoa polepole sana, na katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Hali hiyo humfaa Clostridium perfringens, ambaye pia ana spora zinazostahimili kuchemka na hupenda mahali pasipo na hewa. Anayekula chakula hicho huanza kusokotwa na tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, kwa kawaida bila homa na bila kutapika sana, na hupona ndani ya siku moja.

Kiporo chenyewe hakina ubaya kikitunzwa ipasavyo. Chakula kinachobaki kinatakiwa kugawanywa katika vyombo vipana visivyo na kina ili kipoe haraka, kisha kiwekwe kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu kuiva. Kinapopashwa, kinapaswa kupata moto hadi katikati na kutoa mvuke. Pasipo friji, ni salama zaidi kupika kiasi kitakachoisha.

## Muda kabla ya dalili

Muda kati ya kula na kuugua husaidia kukisia chanzo. Mifano ya kawaida ni hii:

- Dakika chache hadi saa 1: samaki kama jodari na vibua waliokaa juani bila barafu. Nyama yao hujaa histamini. Mlaji huona uso ukiwaka, ngozi ikiwasha, kichwa kikiuma na moyo ukienda mbio. Kupika hakuondoi histamini.
- Nusu saa hadi saa 8: sumu ya Staphylococcus aureus, na ile sumu ya Bacillus cereus inayoleta kutapika.
- Saa 6 hadi 24: Clostridium perfringens, pamoja na aina ya Bacillus cereus inayoleta kuhara.
- Saa 12 hadi 48: norovirusi.
- Saa 6 hadi siku 6: Salmonella, hasa kutoka kuku, mayai na nyama visivyoiva.
- Saa chache hadi siku 5: kipindupindu.
- Siku 1 hadi 5: Shigella, anayeleta kuhara damu, na Campylobacter.
- Wiki 1 hadi 4: homa ya matumbo, Giardia na amiba.
- Siku 15 hadi 50: homa ya ini aina ya A.

Orodha hii inaonyesha kwa nini mlo wa mwisho mara nyingi hulaumiwa bure. Mtu anayeanza kuhara jioni humkumbuka muuza chipsi wa mchana, kumbe chanzo kinaweza kuwa kuku aliyemla nyumbani siku tatu kabla. Wachunguzi wa milipuko huuliza juu ya kila kilicholiwa katika siku zilizopita, kisha hulinganisha walioumwa na wasioumwa: chakula kinachoshukiwa ni kile ambacho walioumwa wengi walikila na wazima wengi hawakukila.

## Dalili

Dalili za kawaida ni kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kuhara maji, uchovu na kukosa hamu ya kula. Homa kali na damu katika kinyesi huonyesha kwamba vijidudu vinashambulia ukuta wa utumbo. Kipindupindu kikali huleta kinyesi kinachofanana na maji ya mchele, kwa kawaida bila homa.

Watu wanne huhitaji uangalizi wa pekee: mtoto mdogo, mzee, mjamzito, na mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili. Kwa mjamzito, bakteria Listeria anayepatikana katika maziwa mabichi na nyama zilizosindikwa anaweza kusababisha mimba kuharibika hata kama mama mwenyewe anaumwa kidogo tu. Nchini Afrika Kusini mlipuko wa Listeria wa miaka 2017-2018, uliotokana na soseji ya poloni, uliua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi.

## Upungufu wa maji mwilini

Wengi wa wanaokufa kwa kuhara huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Damu hupungua, shinikizo lake hushuka, figo hushindwa kufanya kazi na hatimaye moyo husimama. Mgonjwa wa kipindupindu kikali huweza kupoteza hata lita 1 ya maji kwa saa, na kufa siku ileile aliyoanza kuumwa.

Dalili za upungufu wa maji ni kiu kali, mdomo mkavu, mkojo kidogo wenye rangi nzito, kizunguzungu na macho kudidimia. Ngozi ya tumbo ikifinywa na kuachiwa, hurudi mahali pake polepole. Mtoto hulia bila machozi, na utosi wa mtoto mchanga hubonyea. Mgonjwa anayelegea, anayeshindwa kunywa au anayepoteza fahamu yumo katika hatari ya kufa.

## Matibabu

### Maji, chumvi na sukari

Tiba ya kwanza ni kurudisha maji kwa mdomo kwa mchanganyiko wa chumvi na sukari unaojulikana kama ORS. Pakiti yake hupatikana katika vituo vya afya na maduka ya dawa. Pakiti ya lita 1 inayofuata kanuni ya WHO ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu.

Sukari imo katika mchanganyiko huu kwa kazi maalumu. Wakati wa kuhara, utumbo hushindwa kufyonza chumvi kwa njia nyingine, lakini mlango mmoja hubaki wazi: ule unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja. Sodiamu na glukosi zikiingia, maji huzifuata. Kwa sababu hiyo maji matupu hayatoshi, kwani hayarudishi chumvi iliyopotea. Soda na juisi tamu nazo hazifai, kwa kuwa sukari yake nyingi huweza kuvuta maji kuelekea utumboni na kuzidisha kuhara. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo. Yanaweza kunywewa, ila hayachukui nafasi ya ORS.

Pakiti isipopatikana, mchanganyiko huweza kutengenezwa nyumbani:

- maji safi na salama, lita 1;
- sukari, vijiko vidogo vya chai 6 vilivyosawazishwa;
- chumvi, nusu ya kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa.

Vipimo hivi vinapaswa kufuatwa sawasawa. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kupata degedege. Mchanganyiko, uwe wa pakiti au wa nyumbani, hutumika ndani ya saa 24, na unaobaki humwagwa.

Mtoto chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara. Mwenye miaka 2 hadi 10 hupewa mililita 100 hadi 200. Mkubwa hunywa kadiri awezavyo. Akitapika, husubiriwa dakika 10, kisha huanzwa tena polepole, kijiko kimojakimoja. Kutapika si sababu ya kuacha kumnywesha, maana sehemu kubwa ya maji hubaki mwilini. ORS haisimamishi kuhara mara moja. Wazazi wengine huiacha wakidhani imeshindwa, ingawa kazi yake ni kumlinda mtoto mpaka kuhara kuishe kwenyewe.

Tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF hupendekeza pia watoto wanaohara wapewe vidonge vya zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa walio chini ya miezi 6. Zinki hupunguza muda na ukali wa kuhara.

### Chakula

Desturi ya kumnyima chakula mgonjwa anayehara ili "tumbo lipumzike" ina madhara, hasa kwa watoto ambao tayari wana utapiamlo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Wengine hupewa kidogokidogo vyakula laini kama uji, wali, ndizi, viazi na supu mara tu wanapoweza kula.

### Dawa

Wagonjwa wengi hawahitaji antibiotiki. Hazifanyi kazi dhidi ya virusi wala dhidi ya sumu iliyokwisha kuliwa, na kuzitumia ovyo huzalisha bakteria sugu. Huhitajika katika magonjwa kama kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu kikali, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Dawa za kufunga kuhara kama loperamidi hazipewi watoto wadogo, wala mtu mwenye homa kali au damu katika kinyesi, kwa sababu huweza kuzuia vijidudu na sumu visitoke.

Katika Afrika Mashariki ni kawaida kumpa maziwa mtu anayedhaniwa amekula sumu, au kumtapisha kwa maji ya chumvi. Maziwa hayaondoi sumu ya bakteria. Kumtapisha mtu humwongezea upungufu wa maji, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Maji ya chumvi nyingi huweza hata kuua.

### Wakati wa kwenda hospitali

Mgonjwa anatakiwa kufikishwa kituo cha afya bila kuchelewa akiwa na lolote kati ya haya:

- dalili za upungufu wa maji, au kushindwa kunywa;
- kutapika kila anachokunywa;
- damu katika kinyesi au matapishi;
- homa kali, au kuhara kunakozidi siku 3;
- kuhara maji mengi mfululizo, hasa wakati wa mlipuko wa kipindupindu;
- macho au ngozi kuwa ya njano;
- kuona vitu viwili badala ya kimoja, kushindwa kumeza, au viungo kulegea, ambavyo ni dalili za botulizimu, ugonjwa adimu wa vyakula vya kopo au chupa vilivyosindikwa vibaya;
- umri wa chini ya miezi 6.

Akiwa njiani aendelee kunyweshwa ORS maadamu ana fahamu. Watu kadhaa wakiugua baada ya mlo mmoja, ni muhimu kutoa taarifa kwa bwana au bibi afya, na kutunza mabaki ya chakula kwa ajili ya uchunguzi pasipo mtu mwingine kuyala.

## Sumu zisizotokana na bakteria

Nyama ya kasa. Katika visiwa na pwani ya Bahari ya Hindi nyama ya kasa huliwa kama kitoweo, ingawa kasa wanalindwa na sheria. Wakati mwingine nyama hiyo huwa na sumu inayodhaniwa kutokana na mwani wenye sumu ambao kasa wamekula. Haiondolewi kwa kupika na haina dawa inayoizima. Novemba 2021 watu 7 walifariki kisiwani Pemba baada ya kula kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na wengine 78 walilazwa. Watoto ndio wanaodhurika zaidi, na sumu huweza kupita katika maziwa ya mama.

Mihogo michungu. Mihogo ina viini vinavyotoa sianidi. Kuimenya, kuiloweka kwa siku kadhaa na kuianika vizuri huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Hatua hizo zikifupishwa wakati wa njaa au biashara ya haraka, unga hubaki na hatari. Septemba 2017 watu 98 waliugua na 2 walifariki wilayani Kasese, Uganda, kutokana na unga wa muhogo wenye sianidi. Kula mihogo isiyotayarishwa vema kwa muda mrefu, pamoja na kukosa protini, huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioelezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 katika Kongo.

Sumukuvu. Sumukuvu, inayoitwa pia aflatoksini, hutengenezwa na ukungu wa Aspergillus katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Kiasi kikubwa huharibu ini kwa muda mfupi: mgonjwa hutapika, tumbo humuuma na kujaa, na macho huwa ya njano. Kiasi kidogo cha kila siku huongeza hatari ya saratani ya ini. Kusaga na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufariki 125. Mwaka 2016 nchini Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na kufariki 20. Kinga yake ni kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuyahifadhi pakavu, na kutupa punje zenye ukungu.

## Historia

Katika karne ya 19 wataalamu wengi waliamini kwamba maradhi ya kuhara huletwa na hewa chafu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Robert Koch alimtambua bakteria wa kipindupindu katika uchunguzi wake nchini Misri na India miaka 1883-1884. Huko Zanzibar, daktari James Christie alishuhudia mlipuko mkubwa wa miaka 1869-1870 na kuueleza katika kitabu kuhusu kipindupindu katika Afrika Mashariki kilichotolewa mwaka 1876. Humo alifuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri na misafara ya biashara.

Kujua chanzo hakukutosha kuokoa wagonjwa. Tiba iliyofaa ilikuwa maji ya kutundikwa kwenye mshipa, yaliyohitaji hospitali, sindano safi na fedha. Mwaka 1960 Robert K. Crane alieleza kwamba glukosi na sodiamu hufyonzwa pamoja utumboni. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, waliofanya kazi Dhaka katika Bangladesh ya leo, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa mchanganyiko wenye glukosi na chumvi.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1971 wakati wa vita ya uhuru wa Bangladesh. Katika kambi za wakimbizi za Bangaon, India, maji ya kutundika yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kupima glukosi, chumvi na magadi ya kuokea, kuyafunga katika pakiti na kuwafundisha ndugu wa wagonjwa kuwanywesha wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Baadaye WHO na UNICEF walieneza pakiti hizo duniani. Katika miaka ya 1980 shirika la BRAC lilituma wanawake waliofunzwa kwenda nyumba kwa nyumba nchini Bangladesh, wakawafundisha akina mama wa kaya zaidi ya milioni 12 kuchanganya maji, chumvi na sukari guru kwa vidole na kiganja.

## Kinga

Mwaka 2001 WHO ilitoa kanuni 5 za usalama wa chakula:

1. Usafi. Kunawa mikono kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kupika na kula, na baada ya kutoka chooni au kumsafisha mtoto. Anayehara au mwenye jipu mkononi asipikie wengine.
2. Kutenganisha vibichi na vilivyoiva. Ubao na kisu vilivyokatia nyama mbichi visikatie kachumbari kabla ya kuoshwa.
3. Kupika kuive. Nyama, kuku na mayai vifikie angalau nyuzi 70 katikati, mchuzi uchemke.
4. Kutunza kwa joto salama. Chakula kilichoiva kisikae zaidi ya saa 2 bila moto wala friji.
5. Maji na malighafi salama. Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Matunda na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji hayo.

Chanjo husaidia pia. Chanjo ya rotavirusi ilianza kutolewa kwa watoto nchini Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Zipo pia chanjo za homa ya matumbo, kipindupindu na homa ya ini aina ya A.

Sehemu kubwa ya kinga haimo mikononi mwa mpishi peke yake. Mama lishe asiye na maji ya bomba, choo wala mahali pa kutunzia chakula hawezi kutimiza kanuni hizo kwa bidii tu. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya Tanzania ulikumbusha kwamba usalama wa chakula hauachani na maji safi na vyoo. Nchini Tanzania usimamizi wa ubora na usalama wa chakula upo chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019.

## Tazama pia

- Kuhara
- Kipindupindu
- Homa ya matumbo
- Homa ya ini
- Sumukuvu